Jezi Kumi na Saba Dirishani

Jumatatu, 7 Aprili

Sijakaa chini tangu asubuhi. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari liko juu ya mashine ya kufulia, na mashine inatikisika. Mwandiko huu si kosa langu.

Habari kubwa! Mwenyekiti wa klabu ametangaza kwamba wiki hii kamati itaamua kama tufungue duka la vifaa vya klabu katikati ya jiji. Duka! Jezi, skafu, kofia, vikombe vyenye nembo. Vioo kutoka juu mpaka chini. Taa. Na penye duka pana meneja.

Miaka kumi na tisa mimi ni mtunza vifaa wa klabu hii. Nafua jezi, nasugua viatu, najaza mipira upepo. Ofisi yangu ni chumba chini ya jukwaa, hakina dirisha, na mashabiki wakiruka kushangilia goli vumbi lote linanishukia kichwani. Ndivyo ninavyojua matokeo. Msimu huu nimekuwa msafi sana. Mashabiki wananiita Sabuni. Silipendi jina hilo. Hakuna meneja anayeitwa Sabuni.

Mpinzani kashajitokeza. Bi Tiketi, mama anayekaa kwenye dirisha la tiketi pale getini, alisema mbele ya watu wote kwamba duka la mjini ni kujisumbua bure. Mashabiki wetu wanakuja uwanjani, alisema, basi duka liwe hapa hapa getini, pembeni ya dirisha lake. Pembeni ya dirisha lake! Nani haoni? Anautaka umeneja. Na aliyasema hayo kwa upole, huku anafunga vishina vya tiketi kwa mpira. Watu wapole ndio wa kuogopa.

Nikasimama. (Nilikuwa nimesimama tayari, lakini nikasimama zaidi.) Nikasema watu wa mjini wana kiu ya zambarau. Zambarau ndiyo rangi yetu. Hakuna timu nyingine inayoivaa, na ukiacha biringanya sijui nani mwingine anaivaa. Mwenyekiti, ambaye ni mfanyabiashara wa matairi na wiki hii anaumwa jino, akashika shavu akauliza nina ushahidi gani. Nikasema nitauleta Jumatano.

Sina ushahidi wowote. Lakini ipo Jumanne nzima.

Nimemwambia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, ndiye anayetushonea namba za jezi. Hakuinua mguu kwenye cherehani. Akauliza kama meneja wa duka huwa anakaa dukani. Nikasema ndiyo, kutwa nzima. Akasema basi hiyo kazi si yangu, maana tangu tuoane hajaniona nimetulia mahali pamoja mpaka chai ikapoa. Kiguu na njia, ndivyo anavyoniita. Ni utani. Nadhani ni utani.

Jumanne, 8 Aprili

Ushindi! Ushindi mtupu!

Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye kona ya benki, kalamu mkononi, nahesabu watu waliovaa zambarau. Saa nzima ya kwanza nikapata wawili, na mmoja alikuwa na mfuko tu. Nikabadilisha kona. Nikarudi. Nikavuka barabara mara sita. Mlinzi wa benki akaanza kunitazama vibaya, akaniuliza kama nimepotelewa na mtu. Nikamwambia natafuta wateja. Akashika kirungu.

Halafu, saa nne na robo, wakaja! Zambarau upande huu, zambarau upande ule. Mashati, sketi, wengine vilemba. Wanacheka, wanapigana picha. Mkono uliniuma kwa kuandika. Nilipofika mia moja sitini na tatu wino ukaisha, nikaendelea kwa vidole.

Nikamsimamisha binti mmoja, nikamuuliza kwa adabu amevaa zambarau tangu lini. Akasema miaka mitatu, na leo ndiyo mwisho. Mwisho! Shabiki wa miaka mitatu anakata tamaa kwa kukosa duka. Nikamwambia asivunjike moyo, mazuri yanakuja. Akanishukuru sana, akasema hata mama yake kamwambia hivyo hivyo asubuhi.

Kwa furaha nikashindwa kurudi nyumbani. Nikapita kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Ni fundi wa saa, na duka lake liko palepale katikati ya jiji. Dirisha kubwa, saa kumi na mbili ukutani, kila moja na saa yake. Nusu ya duka iko tupu tangu mtu wa fotokopi alipohama. Nikapima kwa hatua. Nikapima tena. Shemeji akauliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta mahali pa kuweka meza ya meneja.

Jumatano, 9 Aprili

Siku ya aibu. Naandika upesi ili iishe upesi.

Kikao cha kamati kilikuwa saa nane. Nilikuwa nimechora mchoro. Nikasoma: watu mia moja sitini na tatu waliovaa zambarau, kona moja, chini ya saa mbili! Mwenyekiti akaondoa mkono shavuni. Hata kocha akaacha simu. Nikawaeleza kuhusu yule binti na miaka yake mitatu, nikatia chumvi kidogo, nikasema alilia.

Bi Tiketi akanyoosha kidole. Akauliza, kwa sauti ileile ya pamba, kama jana si ndiyo siku ya mahafali ya chuo cha uuguzi. Maana mpwa wake amehitimu jana. Miaka mitatu. Sare yao ni zambarau.

Kocha alicheka mpaka akatoka nje, na huko nje tukaendelea kumsikia. Mwenyekiti hakucheka, ila naamini ni kwa sababu ya jino.

Nikajikaza kisabuni. (Ndiyo, najua.) Nikasema kwamba wauguzi nao ni watu, na watu hununua. Mwenyekiti akashika shavu tena, akasema atanipa nafasi moja ya mwisho. Kabla ya mechi ya Jumamosi nimwonyeshe kitu kimoja chetu, kimoja tu, kilichouzwa katikati ya jiji kwa mtu asiye ndugu yangu. La sivyo duka litakuwa getini, na mazungumzo yatakuwa yameisha.

Kimoja! Mtu mwingine angeona kazi nyepesi. Mimi nina wasiwasi tangu saa tisa.

Nilipotoka Bi Tiketi akanifuata na kikombe cha chai. Akasema hakukusudia kuniaibisha, ilimtoka tu kwa furaha ya mpwa wake. Ujanja! Nikainywa ile chai ili asidhani nimeumia. Ilikuwa na sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda. Amejuaje? Ananichunguza.

Alhamisi, 10 Aprili

Duka limefunguliwa! La majaribio, lakini duka ni duka. Nusu ya shemeji upande wa saa, nusu yangu upande wa soka.

Tatizo la kwanza lilikuwa bidhaa. Klabu ina skafu mia mbili stoo, tulizoagiza mwaka ule tulipodhani tutachukua kombe. Zimeandikwa MABIGWA. Kombe halikuja, na ile N nayo haikuja. Nikazipanga vizuri, nikazikunja pale kwenye kosa.

Saa mbili hadi saa nne: wateja watatu. Wa kwanza alitaka betri ya saa. Wa pili alitaka fotokopi. Wa tatu alishika skafu, akauliza kama ni za watu wenye maumivu ya shingo. Nikatoka nje nikalitazama dirisha. Nikaingia. Nikatoka. Shemeji akaniomba nichague upande mmoja wa mlango, maana nampeperushia vijigurudumu vya saa.

Ndipo akasema neno. Dirisha limepooza, alisema. Linataka pambo.

Pambo! Stoo kwangu kulikuwa na jezi kumi na saba za mechi ya Jumamosi, zambarau ya nyumbani, nimezifua, nimezipiga pasi, kila moja na namba yake. Nikakimbia uwanjani, nikazileta ndani ya mfuko. Kwa kutazamwa tu! Nilimwambia shemeji waziwazi kwamba ni za kutazamwa tu. Nikazitundika kutoka mbili hadi kumi na nane, mabega yamenyooka, mikono imefunguka kidogo kama watu wanaokaribisha wageni. Hakuna mtu katika klabu hii anayejua kutundika jezi kama mimi. Hilo hata adui yangu atakubali.

Mtaa ukasimama. Kweli! Watu walisimama wakatazama.

Mwanamke mmoja wa benki, amevaa miwani yenye mnyororo shingoni, akaingia akataka namba tisa. Leo ni siku ya kuzaliwa ya mume wake. Nikasema haiuzwi, ni pambo. Akaniuliza hili ni duka la namna gani linalotundika kisichouzwa. Nikafikiri. Na mwenyekiti alisema kimoja. Kimoja tu. Mshambuliaji wetu hajafunga goli tangu Januari, sidhani namba tisa imemsaidia sana.

Nikaiuza. Nikamfungia kwa karatasi. Mwanamke akatabasamu. Ushahidi huo hapo!

Ningefunga duka wakati ule, leo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini muuza nyama akaingia akataka namba nne. Nikajiambia, aliyeuza moja na aliyeuza mbili ni walewale. Halafu kinyozi. Halafu mwalimu mmoja mpole akachukua namba sita ya nahodha, akasema rangi hii itawafurahisha watoto darasani. Kufika saa nane nilikuwa kama mtu aliyekunywa. Nakunja, nafunga, nashukuru, nakaribisha. Ya mwisho niliivua msumarini mteja kashaishika mkono.

Kumi na saba! Sijawahi kuwa na siku kama hii. Dirisha likabaki na misumari.

Na sina wasiwasi. Hapana. Tuna seti nyeupe ya ugenini, iko kwa mke wangu anashona namba zilizobanduka. Timu itacheza na nyeupe. Nani kasema nyumbani lazima zambarau? Sheria haisemi hivyo. Sijaisoma, lakini nina hakika haisemi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeamka na wasiwasi. Nimekunywa chai na wasiwasi. Nimetembea kutoka uwanjani hadi mjini mara nne.

Mwenyekiti nimempa habari njema kwa simu: vitu kumi na saba vimeuzwa kwa watu wasio ndugu zangu. Alifurahi mpaka akasahau jino, kisha akalikumbuka. Hakuuliza vitu gani. Mimi si mtu wa kumchosha mgonjwa kwa maelezo.

Kocha akauliza kama jezi ziko tayari. Nikasema ni safi kabisa. Kweli tupu. Ni safi, kila moja huko iliko.

Nikaona nijaribu kuzirudisha chache, kwa usalama. Nikaenda benki. (Mlinzi akanitambua.) Yule mama wa miwani akasema mume wake kalala na ile jezi, na asubuhi kasema ni zawadi ya kwanza aliyoipenda tangu waoane. Ungemwambiaje? Nikampongeza. Muuza nyama naye kashaikata mikono namba nne ili apate nafasi ya kufanyia kazi. Kinyozi kaitundika kwenye kioo na anakataa hata niiguse. Mwalimu sikumwona. Alikuwa darasani, nikasikia watoto wanacheka.

Jioni mke wangu akanikabidhi nyeupe, zimekunjwa vizuri. Akauliza kwa nini nyeupe ikiwa tunacheza nyumbani. Nikasema kocha anataka kubadilisha upepo. Akanitazama. Mke wangu anapokutazama ni kama anapima kitambaa: urefu, upana, na mahali kilipochanika.

Jumamosi, 12 Aprili, jioni

Nitaandika yote kama yalivyotokea. Nimejaribu kukaa, nimeshindwa, naandika nikizunguka meza.

Mechi ilikuwa saa kumi. Na si mechi ya kuchezea. Tuko juu ya mstari wa kushuka daraja kwa pointi moja, na wageni wako chini yetu kwa pointi moja. Saa tisa na nusu wageni wakatoka kwenye basi lao, wakaingia kubadilisha nguo, wakatokeza uwanjani.

Nyeupe. Jezi nyeupe, bukta nyeupe, soksi nyeupe. Kama mayai. Kama sisi, maana kocha nilimwambia nyeupe ina bahati.

Refa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Akawatazama wao, akatutazama sisi, akasema wenyeji wamesajiliwa kwa zambarau, basi wavae zambarau. Kumbe sheria inasema! Kocha akanigeukia.

"Sabuni, leta zambarau."

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Sabuni?"

Nikasema. Nikiwa nimeinama vilevile, nikaiambia sakafu. Zimeuzwa. Zote. Juzi.

Nilitegemea kelele. Kocha hakupiga kelele. Aliketi juu ya mpira, taratibu, kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Nahodha ndiye aliyekuja mbele yangu. Namba sita ameivaa miaka minane. Kila nilipoifua niliigeuza ndani nje ili isichujuke, yake peke yake.

"Hata yangu?" akaniuliza.

"Kainunua mwalimu," nikasema. "Mtu mzuri."

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa. Nimewahi kutukanwa na uwanja mzima, siku mpira ulipopasuka kwenye penalti, na sikuumia vile.

Refa akatazama saa yake. Nusu saa, akasema. Wasipovaa zambarau ndani ya nusu saa, pointi zote ni za wageni.

Nitasema kweli, hili ni daftari langu. Sikukimbia kutafuta msaada. Nilikimbia tu. Miguu ilinipeleka getini, nilikuwa naondoka, sijui kwenda wapi. Bi Tiketi akaniona kupitia dirisha lake. Akaniuliza nina nini. Na mimi, sijui kwa nini, nikamwaga yote pale dirishani, watu kwenye foleni wanasikiliza.

Hakuniuliza swali hata moja. Akalifunga dirisha. Siku ya mechi! Sijawahi kuliona limefungwa siku ya mechi. Akatoka, akanishika mkono wa shati, tukapanda jukwaani.

Yule mama anamjua kila shabiki na mahali anapokaa. Alisimama chini ya safu ya kwanza, akaanza kunyoosha kidole, na ile sauti ya pamba ikageuka kengele kubwa kuliko ya refa.

"Baba wa safu ya tatu, vua jezi! Nyie mapacha, vueni! Fundi bomba, hiyo yako ni ya mwaka gani? Haidhuru, vua! Vueni jamani, timu iko uchi!"

Wakavua! Walicheka, wakavua, jezi zikaanza kurushwa kutoka juu kama mvua. Mpya, kuukuu, zenye matundu. Moja ilikuwa imechujuka mpaka ikawa rangi ya majivu, mwenyewe akaapa ni zambarau. Kina mama waliovaa juu ya blauzi nao wakatoa. Dakika kumi, jezi kumi na nne.

Namba je? Hazikufanana hata mbili, au zilifanana tatu. Nikageuka, nikamwona mke wangu anashuka ngazi na mkoba wake wa sindano na utepe mweupe. Sikuwa nimemwambia neno. Alikuja tu. Akakaa kwenye benchi la akiba, uzi mdomoni, akaanza kukata namba na kuzishikiza, moja baada ya nyingine, akawaambia wachezaji wasipumue. Nami namshikia pini. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba nisitikisike.

Refa akawapanga mstari. Zambarau kumi za aina kumi, na golikipa na kijani chake. Beki wetu kavaa jezi ya baba wa safu ya tatu, inamfika magotini. Kiungo ana mgongoni jina la mchezaji aliyetukimbia miaka mitano iliyopita. Mshambuliaji kapata ya dada mmoja mwembamba, imembana hata mikono hainyanyuki. Refa akatazama mbinguni, akapuliza filimbi.

Sare, moja kwa moja. Goli letu alifunga mshambuliaji! La kwanza tangu Januari. Kwa kawaida hukimbia ameinua mikono anaomba mpira, na mabeki wote wanamwona. Leo hakuweza kuinua mikono. Wakamsahau.

Jukwaa zima liliruka vifua wazi. Mimi nilikuwa benchi, si chumbani kwangu, kwa hiyo vumbi sikulipata. Nikajikuta nalitamani.

Baada ya mechi nikarudisha jezi kwa wenyewe. Nikaomba nizifue kwanza. Wote wakakataa! Jasho la wachezaji, wanasema, haliguswi. Miaka kumi na tisa ya kazi yangu.

Nahodha nilimwomba radhi. Akasema huyo mwalimu bora awe anafundisha vizuri. Nadhani alitabasamu, lakini kulikuwa na jua.

Jumapili, 13 Aprili

Nilikwenda kikaoni nimevaa tai, kwa sababu mtu anayefukuzwa kazi afukuzwe na heshima. Mwenyekiti kang'olewa jino. Alitabasamu. Sote tukaogopa.

Kocha akasema maneno yake, na alikuwa nayo mengi. Kisha Bi Tiketi akasimama. Nikafumba macho.

Akasema alikosea.

Nikafumbua. Akasema yeye alidhani wanunuzi wako getini. Lakini jana kasimama jukwaani kaona kwa macho yake: waliopo uwanjani wanazo jezi tayari, tena wengine za zamani na wanazipenda hivyohivyo. Waliozinunua za Sabuni ni watu wasiowahi kukanyaga hapa. Mama wa benki, muuza nyama, kinyozi, mwalimu. Na jana, kabla hajafunga dirisha, wanne kati yao walikuja kununua tiketi. Mwalimu alikuja na jezi yake namba sita, akauliza mtu mgeni anakaa upande gani. Basi duka lifunguliwe katikati ya jiji, akasema, tena upesi.

Niliruka! Nikagonga taa kwa kichwa, ikazunguka, nikaishika, ikazimika. Kura zikapigwa gizani kidogo. Wote wakakubali. Duka la mjini! Hoja yangu! Mimi ndiye!

Mwenyekiti akamtaja meneja.

Bi Tiketi.

Sitaandika nilichohisi. Mimi nabaki chumbani kwangu chini ya jukwaa, na ufunguo wa kabati la jezi za mechi utakaa kwa mke wangu. Walipompigia simu kumuuliza kama anakubali, alikubali kabla hawajamaliza swali.

Bi Tiketi akasema ana sharti moja. Anaupokea umeneja ikiwa mimi ndiye nitakayepamba dirisha, kwa sababu hakuna mtu katika klabu hii anayejua kutundika jezi kama mimi. Kila mtu akanitazama. Sikujua macho yangu niyaweke wapi, nikayaweka kwenye taa. Nikasema nitafikiria.

Nimeshafikiria. Ni ujanja.

Jumatano, 16 Aprili

Nimelipamba dirisha. Limependeza kupita kiasi. Bi Tiketi alinishukuru mara mbili, akanipa chai, vijiko vitatu. Yuko pale ndani ametulia kwenye kiti chake kama amezaliwa nacho, wateja wanaingia, shemeji anacheka naye, na hata zile skafu zinanunuliwa. Amewaambia watu kwamba ni toleo adimu. Toleo adimu! Mimi nisingelifikiria hilo. Nilirudi kwa miguu njia nzima, nikapitiliza nyumbani, nikageuka.

Na njiani likanijia wazo. Wazo la maisha yangu!

Duka la Bi Tiketi limeganda mahali pamoja. Linangoja watu. Je, duka likiwafuata watu? Sokoni, hospitali, vyuoni? Basi la timu linaegeshwa nyuma ya uwanja tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, halina kazi, magurudumu yanakauka. Dereva kaenda kumsalimia binti yake, ufunguo kauacha kwangu kwa sababu mimi ni mtu wa kuaminika.

Nimeanza leo leo, sikutaka kupoteza muda kwa kuuliza. Viti ishirini na nane vimetoka, vilikuwa vigumu, vingine nimevitoa kwa msumeno. Sasa kuna nafasi nzuri ya rafu, na kule nyuma panatosha kabisa meza ya meneja. Mwenyekiti nitamwonyesha likiwa limekamilika, apate furaha yote kwa mkupuo.

Jumamosi timu inasafiri kucheza ugenini, mwendo wa saa sita. Hilo nitalifikiria Ijumaa.